Pwani ya Kenya inaanzia wapi na inaishia wapi: mwongozo wa kuchora mipaka na kueleza vilivyomo

Taveta iko zaidi ya kilomita 200 kutoka ufuo wa bahari ulio karibu nayo, na bado imo katika karibu kila jedwali lenye kichwa "Pwani". Ijara, katika Kaunti ya Garissa, haifiki hata nusu ya umbali huo, na haimo. Hapo hakuna aliyekosea: jedwali linafuata mkoa wa zamani, halifuati bahari. Kosa huanza pale mtu anapolichukua jedwali hilo hilo akalitumia kuandika juu ya mikoko, uvuvi au mmomonyoko wa fukwe, akidhani kwamba maadamu neno ni moja, basi na eneo ni moja.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetakiwa kuandika ripoti, tasnifu, mpango wa kaunti au ramani ambayo ndani yake neno "Pwani" lazima liwe na mstari unaoweza kuoneshwa kwa kidole. Vifaa si vingi: mipaka ya kaunti na kata ndogo katika faili la ramani, jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini, Mombasa, data ya mwinuko, programu ya ramani, na daftari moja la kuandikia kila uamuzi pamoja na sababu yake. Daftari ndilo watu hulisahau, na ndilo utakaloulizwa.

Swali kwanza, ramani baadaye

Andika kwa sentensi moja unachotaka kujua. "Ni watu wangapi watafikiwa na maji bahari ikipanda mita moja?" ni swali la mwinuko. "Nani ana hati ya ardhi hii, na ilitolewa chini ya sheria gani?" ni swali la historia ya maili kumi, yaani ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. "Bajeti ya Jumuiya ya Kaunti za Pwani inagusa nani?" ni swali la kaunti sita, Taita-Taveta ikiwemo. "Kiswahili cha mwambao kinasemwa wapi?" halijibiwi na hata mmoja wa mistari hiyo mitatu.

Kila swali lina pwani yake. Yakiwa mawili katika ripoti moja, chora mistari miwili na uipe majina mawili tofauti, kwa mfano "kaunti za Pwani" na "ukanda wa mwambao", kisha usiyabadilishe hadi ukurasa wa mwisho. Ripoti nyingi huharibikia hapa: sura ya pili inahesabu watu kwa kaunti sita, sura ya nne inapima ardhi kwa kilomita 20 kutoka baharini, na sura ya tano inagawanya cha kwanza kwa cha pili.

Mstari wa maji

Neno lenyewe linatupa kazi. Pwani lina mzizi wa -pwa: ni pale maji yanapopwa. Basi kabla ya kupima chochote kuelekea bara au baharini, sema unapima kutoka maji yapi.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote. Sasa zidisha kwa mteremko wa ufuo. Kwenye mchanga unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, bamvua la mita 3 linasogeza ukingo wa maji mita 150. Kwenye tope la hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, linaloshuka mita 1 kwa kila mita 500, ukingo ule ule unasogea kilomita moja na nusu. Kwa hiyo "mita 60 kutoka baharini" bila kutaja maji gani ni maneno matupu.

Chagua kimoja kati ya hivi na ukiandike: wastani wa maji kujaa ya bamvua, ambao ndio unaofaa kwa mambo ya ardhi na ujenzi, au alama ya maji kupwa, ambayo kwa kawaida ndiyo hutumika kuanzia kupima bahari pasipo na mistari ya msingi iliyonyooka. Katiba ya 2010 inaifanya ardhi yote iliyo kati ya alama hizo mbili kuwa ardhi ya umma, kwa hiyo kukosea alama si jambo la wachora ramani peke yao.

Uwandani, alama ya maji kujaa hutafutwa hivi. Nenda siku moja au mbili baada ya kilele cha bamvua, msimu usio na mawimbi makubwa. Msimu wa matlai unafaa kuliko wa kusi, maana mawimbi ya kusi hurusha mwani na takataka mbali kuliko maji yenyewe yalikofika. Tafuta mstari wa mwani mkavu, vijiti na makombe; angalia pale majani ya nchi kavu yanapoanzia; kwenye majabali angalia rangi ya jiwe inapobadilika na konokono wa baharini wanapokoma. Piga alama kwa GPS kila baada ya mita 50 ufuo ukiwa umejipinda, na kila mita 200 ukiwa umenyooka. Andika tarehe, saa, na kimo cha maji cha siku hiyo katika jedwali la Kilindini. Alama isiyo na tarehe haitakusaidia mwakani.

Kwenye mikoko hali ni nyingine, na hapa ndipo picha za setilaiti zinapowadanganya wengi. Mikoko huota kati ya maji ya wastani na maji ya juu kabisa. Ukingo wa kijani unaouona kwenye picha upande wa bahari ni mlilana, wenye mizizi inayochomoza juu kama vigingi, na hapo maji hufika kila siku. Nyuma yake kuna mkoko wenyewe wenye mizizi ya kujipinda, kisha mkandaa, na mwisho kabisa, kwenye chumvi kavu isiyoota kitu, mchu mfupi mfupi uliodumaa. Alama ya maji kujaa iko huko nyuma kwenye mchu. Lamu na Mida mahali pengine umbali kati ya mlilana wa mbele na mchu wa nyuma ni mamia ya mita. Aliyefuata ukingo wa kijani ameitoa misitu yote ya mikoko baharini na kuihesabu nchi kavu. Na tahadhari nyingine: mchu huota pia upande wa mbele, kwa hiyo kuuona mti huo peke yake si dalili, tazama urefu wake na chumvi iliyo chini yake.

Jambo la pili kuhusu picha. Setilaiti za Landsat na Sentinel-2 hupita juu yetu asubuhi, kati ya saa nne na saa tano. Kwenye pwani yetu, maji ya bamvua hupwa karibu na saa hizo hizo. Maana yake ni kwamba picha za siku za bamvua hukuonesha bahari imerudi nyuma, na za maji mafu hukuonesha imejaa kiasi. Ukilinganisha picha ya 1990 ya bamvua na ya 2020 ya maji mafu, utaona ufuo "umeliwa" na bahari hali haukuguswa. Kabla ya kulinganisha, tafuta kimo cha maji cha saa ile kwa kila picha, na utupe zile zinazopishana kwa zaidi ya nusu mita.

Upande wa bahari

Hapa kazi ni nyepesi kwa sababu sheria imekwisha kusema. Sheria ya Maeneo ya Bahari ya 1989 inaweka bahari ya mamlaka hadi maili 12 za baharini na eneo la kipekee la kiuchumi hadi maili 200. Maili ya baharini ni mita 1,852. Vipimo hivyo havianzii ufuoni: vinaanzia mistari ya msingi iliyonyooka ambayo Kenya imeitangaza, inayounganisha ncha za nje. Maji yaliyo ndani ya mistari hiyo, pamoja na hori za Mombasa, Mtwapa na Kilifi, ni maji ya ndani.

Mpaka na Tanzania baharini uliafikiwa kwa barua zilizobadilishwa na serikali mbili mwaka 1975 na 1976. Wa kaskazini unahitaji uangalifu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021 katika kesi ya Somalia dhidi ya Kenya na kuchora mstari wake, nao si ule wa latitudo ambao Kenya ilikuwa ikiudai. Kenya ilikataa kuutambua. Kwenye ramani weka mistari yote miwili, kila mmoja na jina lake. Ukifuta mmoja kimya kimya umeingia katika mgogoro bila kujua.

Kama swali lako ni la ikolojia, achana na maili na ufuate mwamba. Kuanzia Vanga hadi karibu na Malindi mwamba wa matumbawe unakwenda sambamba na ufuo, ukikatwa na milango pale hori zinapotokea. Kisha, mbele ya Sabaki na Tana, katika Ghuba ya Ungwana, hakuna mwamba wa kuendelea: matope na maji baridi ya mito hiyo miwili hayaruhusu matumbawe kukua. Unarudi tena upande wa Lamu na Kiunga. Ukichora "ukanda wa mwamba" kama mkanda mmoja usiokatika kutoka kusini hadi kaskazini, umebuni kitu kisichokuwepo, na wavuvi wa kamba wa Ungwana watakuwa wa kwanza kukuambia.

Upande wa bara: mistari minne, na ugomvi wake

Mstari wa kaunti ndio rahisi. Mkoa wa Pwani wa zamani ni kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Faida yake ni kwamba takwimu zote zipo tayari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,329,474: Kilifi 1,453,787, Mombasa 1,208,333, Kwale 866,820, Taita-Taveta 340,671, Tana River 315,943 na Lamu 143,920. Ubaya wake ni wastani. Tana River na Taita-Taveta pamoja zina takriban theluthi mbili ya ardhi yote ya kaunti sita, lakini asilimia 15 tu ya watu. Ukigawanya watu wote kwa ardhi yote unapata watu 52 hivi kwa kilomita ya mraba. Ukichukua kaunti nne zilizobaki unapata karibu 135. Mombasa peke yake ni zaidi ya 5,000. Nambari zote tatu ni sahihi, na kila moja inasimulia nchi nyingine.

Tena usiiondoe Tana River kwa kudhani ni kaunti ya bara kwa kuwa inafika karibu na Garissa mjini. Kipini, kwenye mlango wa mto, imo Tana River. Kaunti isiyogusa bahari kabisa ni Taita-Taveta peke yake. Na ujue kwamba kaunti zilifuata wilaya za mwaka 1992, na pale wilaya zilipokuwa na mzozo, mzozo umerithiwa; Mackinnon Road, inayovutwa na Kwale na Taita-Taveta, ni mfano unaojulikana. Sema faili lako la mipaka limetoka wapi na ni la mwaka gani.

Mstari wa pili ni maili kumi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulimtambua Sultani wa Zanzibar kuwa mwenye ukanda wa kina cha maili kumi kutoka alama ya maji kujaa kuelekea bara, upande wa kaskazini ukaishia Kipini, pamoja na visiwa, Lamu kikiwemo. Ukanda huo ndio uliokuja kuitwa Himaya ya Kenya mwaka 1920, wakati bara lilipofanywa koloni, na ndio uliokabidhiwa kwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitumika huku, na ndiyo sababu historia ya ardhi ya Kilifi au Kwale haieleweki bila mstari huu.

Makosa ya kuuchora ni mawili. La kwanza: zilikuwa maili za baharini, yaani kilomita 18.5. Anayechora kilomita 16 ametumia maili za nchi kavu, na amepoteza ukanda wa kilomita 2.4 kwa urefu wa pwani nzima. La pili: bara la Lamu, kaskazini ya Kipini, halikuwa na hadithi ile ile. Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani hadi 1890. Usiuburure mstari wa maili kumi moja kwa moja mpaka Kiunga ukidhani unafuata mkataba wa 1886.

Lipo na swali gumu zaidi: upime kutoka ufuo wa bahari kuu au kutoka mwisho wa hori? Maji ya chumvi yanaingia ndani sana nyuma ya kisiwa cha Mombasa, hadi kuelekea Jomvu na Rabai. Ukipima kutoka kila ukingo wa maji kujaa, mstari wako unafura kuelekea bara nyuma ya Mombasa. Ukifunga midomo ya hori kwa mstari ulionyooka, unakuwa laini. Tunapendekeza ufunge midomo kwa kazi za ramani ya eneo zima, na uache hori wazi kwa kazi za mikoko, mafuriko au uvuvi. Chochote utakachochagua, kitumie kwa hori zote. Kufunga Kilifi na kuacha Tudor wazi hakuna utetezi.

Mstari wa tatu ni mwinuko. Kwa mambo ya kupanda kwa bahari, kawaida huchukuliwa ardhi iliyo chini ya mita 10 na iliyoungana na bahari. Hilo la kuungana lina uzito wake: bonde lililo chini ya mita 10 lakini limezungukwa na ardhi ya juu si sehemu ya ukanda huu. Programu ya ramani hailijui hilo mpaka uiambie, kwa hiyo baada ya kuchuja mwinuko, futa vipande vyote visivyogusa bahari au mto unaopokea maji ya chumvi.

Hapa tena mikoko inadanganya. Data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada Februari 2000, husoma kichwa cha mti badala ya ardhi. Msitu wa mkoko wa mita 8 utaonekana kama kilima cha mita kadhaa, na mnazi vivyo hivyo. Delta ya Tana na visiwa vya Lamu vitaonekana salama kuliko vilivyo. Tumia data iliyosahihishwa kwa miti, au kata mikoko yote kwa kutumia ramani ya misitu na uipe mwinuko wa maji kujaa. Na kamwe usichore mstari wa mita 1 au 2 kwa data yenye kosa la mita kadhaa. Utatokea mzuri machoni, bila maana yoyote.

Wa nne ni umbo la ardhi, na kwa maoni yetu ndio unaosema kweli kuliko yote kama unataka kueleza pwani ni nini. Toka Diani uende magharibi. Kwanza uko kwenye uwanda wa pwani, chini ya mita 30 hivi, juu ya matumbawe ya kale: bahari ilikuwa juu ya ilipo sasa takriban miaka 125,000 iliyopita, na mwamba wa wakati huo ndio jiwe linalokatwa leo kwa ajili ya kuta za nyumba. Kisha unapanda uwanda wa pili wenye mawe ya mfinyanzi na mchanga mwekundu, kati ya mita 60 na 135. Halafu vilima: Shimba, wenye mchanga mgumu, zaidi ya mita 400. Nyuma ya vilima mvua inapungua ghafla, miiba inaanza, na hapo umeingia Nyika. Kusini uwanda wa chini ni mwembamba, kilomita chache tu. Tana unapanuka sana. Mstari unaofuata ukingo wa mashariki wa Nyika una sababu unayoweza kuiona kwa macho na kuigusa kwa mkono.

Kasoro yake ni kwamba takwimu za watu hazifuati mawe. Suluhisho ni kata ndogo. Weka mstari wako wa umbo la ardhi juu ya ramani ya kata ndogo, kisha ingiza kila kata ndogo ambayo nusu au zaidi ya eneo lake imo ndani. Kwenye kata ndogo za Kwale mashariki na Kilifi mashariki, ambazo ni ndogo, njia hii ni safi. Magharibi ya Kilifi na Tana River kata ndogo ni kubwa mno na watu wamejikusanya upande mmoja, barabarani au mtoni. Huko usitazame eneo, tazama makazi yako upande gani, na uandike kata hizo moja moja kwenye daftari.

Mita 60 ambazo kila mtu anazitaja

Husemwa mara nyingi kwamba sheria inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kanuni za Upimaji za 1994 zinasema jambo jembamba zaidi: ardhi ya serikali isiyogawiwa iliyo ufuoni ikipimwa ili igawiwe, huachwa kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa, na waziri anaweza kuupunguza. Kando ya mto unaopokea maji ya bahari ni mita 30. Kiwanja kilichopimwa zamani chenye hati inayofika alama ya maji kujaa hakiingii humo moja kwa moja. Ukichora mkanda wa mita 60 kwenye pwani nzima na kuuita "hifadhi ya umma", utawavunjia watu haki kwa rangi ya ramani. Chora mkanda huo pale tu ramani za upimaji zinapouonesha.

Na hata hapo, angalia datamu, yaani mfumo ambao vipimo vya mahali vinaanzia. Ramani za zamani za Kenya zimechorwa kwa Arc 1960, GPS yako inasoma WGS 84, na bila kubadilisha, vitu vinasogea kama mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kosa hilo ni mara tano ya mkanda wenyewe. Pwani yote inaingia katika kanda ya 37 kusini ya UTM, mfumo wa gridi za ramani, kwa hiyo hakuna haja ya kuchanganya kanda.

Urefu wa pwani

Utakuta kilomita 536 kwingine, na kwingine 600 na zaidi. Hakuna anayesema uongo. Ukipima kwa hatua ndefu unaruka hori. Ukipima kwa hatua fupi unaingia kila kijito cha Lamu. Andika hatua uliyotumia, mfano "kwa ramani ya 1:250,000, visiwa havimo", na usiwahi kuweka urefu uliopimwa na wewe karibu na uliopimwa na mwingine ukasema pwani imerefuka.

Kueleza vilivyomo

Baada ya mstari kuja yaliyomo, na mpangilio unaofaa ni kutoka chini kwenda juu: jiwe, maji, mimea, kazi, watu. Sababu ni kwamba kila kimoja kinashikilia kinachofuata. Juu ya matumbawe ya kale maji ya mvua huzama haraka, visima ni vya maji ya chumvi chumvi, na udongo ni mwembamba. Juu ya mchanga wa vilima kuna chemchemi na misitu. Ukianza na watu utaishia kuorodhesha makabila bila kueleza kwa nini fulani yuko bonde la Tana na fulani yuko kilimani.

Kwa mimea, tenganisha mikoko, misitu ya nchi kavu na nyasi za bahari. Mikoko ya Kenya ni takriban hekta 61,000, zaidi ya nusu ikiwa Lamu, kwa aina tisa. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ni ndogo kwa eneo, na data ya setilaiti ya mita 30 huzikosa nyingine au kuziunganisha na mashamba ya miembe. Zichukue kwenye orodha, usizisake kwenye picha. Kumi kati ya kaya hizo, au zaidi kidogo, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Kwa watu, usitumie "Mijikenda" pale unapohitaji Wadigo au Wagiriama. Ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma. Vivyo hivyo Waswahili: Kimvita cha Mombasa, Kiamu na Kipate vya Lamu, Kitikuu cha Wabajuni, Kivumba cha Vanga na Wasini vina mipaka yao, na mipaka hiyo hupita juu ya maji kwa urahisi kuliko juu ya nchi kavu. Kisiwa cha Wasini kina uhusiano na Vanga ng'ambo ya maji kuliko na kijiji cha Kinyika kilicho kilomita chache bara. Waweke Wapokomo, Waorma, Waaweer, Wawaata, Wataita na Wataveta kwa majina yao, kila mmoja mahali pake. Wapemba walitambuliwa rasmi mwaka 2023 tu. Jedwali lililotungwa kabla ya hapo si ushahidi kwamba hawapo. Lugha usiichore kwa mstari mkali: weka alama za vijiji, maana kijiji kimoja huweza kuwa na lugha tatu.

Sentensi ya ufafanuzi

Ufafanuzi uliokamilika una vitu sita: mstari wa maji, hori zimefungwa au la, mstari wa bara, ncha mbili, visiwa, na mwaka wa data. Unaweza kuandikwa hivi: "Katika ripoti hii ukanda wa mwambao ni kata ndogo zote za Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu ambazo nusu au zaidi ya eneo lake iko mashariki ya ukingo wa Nyika, kutoka mpaka wa Tanzania karibu na Vanga hadi mpaka wa Somalia kaskazini ya Kiunga, visiwa vyote vikiwemo. Upande wa bahari unaishia alama ya maji kupwa ya bamvua, midomo ya hori ikiwa imefungwa kwa mstari ulionyooka. Mipaka ya kata ndogo ni ya sensa ya 2019."

Mpe mtu mwingine sentensi hiyo pamoja na faili za mwanzo, bila ramani yako, aichore upya. Linganisha eneo lake na lako. Tofauti ikizidi asilimia 1, tafuta kwanza kwenye hori za Mombasa, kisha visiwa vidogo vya Lamu, kisha kata ndogo za mpakani mwa Nyika. Mara nyingi ni moja kati ya hizo tatu. Irekebishe sentensi, usiirekebishe ramani.